Nilipiga picha soko ya Wote, mjane wa Migwani akaniuliza: "Huyo mtu umempata wapi?"

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo.

Miaka mingi mimi huingia hapa nasoma za watu, nacheka, natoka. Leo nimeleta yangu. Sijatia chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha, na mama mwenye mambo haya nilimuomba ruhusa kwanza, akasema niandike.

Mimi ni mtu wa mji wa Wote. Nauza mbegu na dawa za mifugo kwa duka ya mjomba wangu, karibu na soko. Nikitoka kazini napenda kupiga picha za barabarani. Si harusi, si birthday. Watu tu wakiendelea na shughuli zao.

Camera yangu ni compact, second hand, inaingia mfuko wa shati. Hapa kwetu ukitoa camera kubwa watu wanasimama wima kama wanapigwa ya kitambulisho. Hii ndogo hakuna mwenye anashtuka. Naishika kifuani, nabonyeza, naendelea kutembea.

Najua wengine mtasema hiyo si tabia nzuri. Ngojeni kwanza.

Ilikuwa Julai mwaka jana, ile baridi yetu ya mawingu. Siku ya soko. Nikazunguka, nikachagua picha nane, nikapost Facebook.

Kesho yake asubuhi napata message kutoka kwa mtu sijui. Hakuna salamu.

"Hiyo picha ya tano. Huyo mtu umempata wapi?"

Picha ya tano ilikuwa ya mwanaume amebeba gunia begani, anavuka barabara pale stage ya matatu. Amevaa sweta ya kijani. Nikajibu ni Wote, jana, kwani kuna nini?

Simu ikalia. Mama wa makamo, sauti ya chini sana.

"Kijana yangu, naitwa Mama Mwende, niko Migwani. Angalia mkono wa kushoto wa hiyo sweta. Mwisho wake ni rangi gani?"

Nikafungua picha kwa computer ya duka, nikazoom. Sweta yote kijani, lakini mkono wa kushoto, kutoka kiwiko kushuka, ni maroon.

Nikamwambia.

Nikasikia akivuta kiti.

"Hiyo nilifuma na mikono yangu. Uzi ya kijani iliisha nikamalizia na ile nilikuwa nayo. Ni ya mzee wangu." Akavuta pumzi. "Tulimzika nayo. Ni mwaka wa tatu sasa."

Wakuu, nilikuwa nimesimama kwa duka saa nne asubuhi, wateja wanaingia na kutoka, na chenji ya mtu nikaisahau mkononi.

Akaniambia mzee wake alikuwa turnboy, utingo wa lori. Walipata ajali Mombasa Road, lori ikashika moto. Sanduku lililetwa nyumbani limefungwa. Shemeji yake, Musyoka, ndugu ya marehemu, ndiye alikuwa amepeleka nguo mochari. Akarudi akasema, "Tumemvalisha vizuri, lakini msifungue." Hakuna mtu alifungua.

Kwa hivyo huyu mama hakuwahi kuona uso wa mtu aliyezikwa kwake.

"Nionyeshe uso," akaniambia. "Huyo wa kwa picha. Nitumie uso tu."

Nilikuwa na frame tatu za huyo mtu. Nikazifungua moja moja. Ya kwanza, gunia limeziba kichwa. Ya pili, kioo cha bodaboda kimepita katikati kabisa pale uso ungekuwa. Ya tatu ameshageuka, naona kisogo tu.

Nikamwambia uso hakuna.

"Basi nakuja," akasema.

Nilitaka kumkataza, lakini ningemwambia nini?

Alhamisi akafika. Mama mfupi, kitambaa cha kanisa kichwani, kibeti amekishika na mikono miwili. Nilitarajia mtu wa kulia. Huyu hakuwa analia. Alikuwa anaangalia kila mwanaume anayepita, kutoka viatu kupanda juu.

Tukaanza kuuliza. Nilikuwa nimechapisha picha.

Mama wa nyanya akasema, "Huyu? Amepita hapa sasa hivi, ameenda upande wa posho mill, pale wanasaga unga."

Posho mill wakasema ametoka, hata dakika tano hazijaisha. Ameshuka kwa wauza mbuzi.

Kwa wauza mbuzi, mzee mmoja Msomali akaangalia picha, akaonyesha na fimbo. "Alikuwa amesimama hapo umesimama wewe."

Niliangalia chini. Sijui nilikuwa natafuta nini. Hii Wote naijua kila uchochoro, lakini hiyo siku ilikuwa kama mji wa watu wengine. Kila mtu amemwona, sisi tu ndio hatumwoni.

Mama Mwende akaniuliza polepole, "Kama ni yeye, kwa nini hakurudi nyumbani?"

Nilikuwa nawaza swali lingine. Kama ni yeye, pale Migwani kumelala nani?

Tulimwona saa nane mchana, nyuma ya vibanda vya mitumba. Mgongo. Sweta ya kijani, mkono wa maroon. Anatembea pole pole, mkono mmoja mfukoni.

Mama akasimama. Vidole vyake vilinishika mkono mpaka nikaumia.

"Baba Mwende," akaita.

Mtu akaendelea kutembea.

"Baba Mwende!"

Watu wawili watatu wakageuka. Yeye hapana.

Nikaona nikingoja huyu mama ataanguka. Nikakimbia, nikamgusa bega. Na wakuu, sitawadanganya, kabla ageuke nilifunga macho.

"Ni nini, boss?"

Nikafungua. Kijana wa miaka kama thelathini, ndevu kidogo, ameshangaa.

Mama alikuwa amefika nyuma yangu. Akamwangalia uso, kwa muda mrefu. Halafu akatoa pumzi moja ndefu. Mpaka leo sijui kama ilikuwa ya kushukuru ama ya kufiwa mara ya pili.

Kijana anaitwa Mutinda, hufanya mjengo. Mama alimuuliza sweta ametoa wapi.

"Nilipewa, mama. Nilikuwa namjengea mtu nyumba huko Emali. Asubuhi kulikuwa na baridi akaniona natetemeka, akaingia ndani akaitoa. Lakini alikuwa kama hataki kuiachilia. Akaniambia nisiwahi kuivaa nikienda upande wa Migwani."

"Huyo mtu anaitwa nani?"

"Musyoka."

Mama Mwende akakaa chini, pale kwa kreti ya soda. Akatoa simu, akaweka loudspeaker. Nadhani hakutaka kusikia peke yake.

"Shemeji," akasema, "niko Wote. Niko na Mutinda. Amevaa sweta."

Tulisikia kuku kwa Musyoka, huko Emali.

"Shemeji, ulisema mlimvalisha."

Musyoka akaanza kulia, ile ya mtu mzima asiyejua kulia. Halafu akasema maneno ambayo huniamsha mpaka leo.

"Shemeji, hakukuwa na mtu wa kuvalisha. Moto ulibakisha mifupa michache tu, hiyo ndiyo tulizika."

Mutinda alianza kuvua sweta haraka kama inamchoma. Mama akainua mkono. "Kaa nayo. Nilifuma ivaliwe."

Akaona uzi umechomoka hapo kwa mkono wa maroon. Akamshika kijana wa watu mkono, akafunga huo uzi fundo mbili, akaukata na meno. "Ukiuacha hivi itafumuka yote."

Nikampeleka mama stage. Njiani alisema kitu kimoja tu. "Kumbe niko na kaburi lake kweli." Alisema kama mtu ametua mzigo.

Baadaye nilisikia alimwita Musyoka nyumbani. Walikaa siku nzima, akaambiwa yote. Miaka mitatu yule jamaa alikuwa akikwepa kula kwa shemeji yake, na hakuna mtu alijua ni kwa nini. Hiyo siku alikula.

Nilichojifunza: ile picha ilichukua sehemu ndogo ya sekunde, na ilienda ikabisha hodi kwa nyumba ya mtu sijui. Siku hizi nikishapiga, namfuata mtu, namwonyesha, namuuliza. Wengine wananifukuza. Sawa tu.

Lakini kuna swali sijaweza kujibu, ndiyo maana nimewaletea. Wewe ndiye Musyoka. Umesimama mochari na nguo za ndugu yako mkononi, na mkewe anakungoja nyumbani aambiwe amevaa nini.

Ungemwambia nini?

Nasoma comments zote.