Siku Niliyomsalimia Mkwe Wima

Nilipoteleza shambani na ndoo ya viazi, mlio wa mkono wangu kuvunjika ulisikika mpaka Makambako. Sidanganyi sana. Mwanangu anayeuza spea za pikipiki kule alifika Njombe tope likiwa bado linanitiririka.

Hospitalini wakanipiga picha. Daktari akaitazama, akanitazama na mimi. "Mama, mifupa yako imepungua. Ndani ina matundumatundu. Ukianguka tena, safari hii itakuwa nyonga."

"Matundu kama ya mzinga wa nyuki?"

"Kama ya mkate, mama."

Mkate! Mimi niliyebeba gunia kichwani, mtoto mgongoni na mwingine tumboni, tena mlima wenyewe ukinipisha njia, leo ni mkate!

Mwanangu akadakia palepale. "Basi unahamia kwangu. Utakaa kwenye kochi utazame televisheni."

Kochi! Shamba langu la viazi nimwachie nani, fuko? Nikamwambia daktari anipe dawa. Akaniandikia kidonge cha kumeza mara moja kwa wiki. Nilikidharau, maana hata kuku angekimeza bila kukiona. Muuguzi akanishika bega.

"Mama, hiki kina masharti kuliko mganga. Unakimeza asubuhi tumbo tupu, kwa glasi nzima ya maji. Si chai, si uji, maji. Halafu nusu saa huli, hulali, huinami. Ukiinama kinarudi juu, kinakuunguza koo."

"Ukikosea mara moja tu nakuja kukuchukua na gari," akasema mwanangu.

"Njoo na treni ya hapo Makambako ukitaka. Sitoki."

Nikachagua Jumamosi. Mkono ukaunga, nami kila Jumamosi nameza, nasimama mlangoni kama nguzo ya umeme. Majirani wakawa wanauliza kama nalinda benki.

Sasa Jumamosi moja, mwanangu amekuja kunikagua, nimetoka tu kushusha kidonge, namwona mkwe anaingia uani. Baba yake mke wa mwanangu, katoka Mdandu, koti jeusi, kaja kunipa pole. Na kwetu mwanamke hamsalimii mkwe wima. Unapiga magoti, unainamisha kichwa, ndipo unasema "Kamwene." Mzee akasimama, akasubiri nishuke.

"Kamwene, mkwe!" nikasema, wima.

Hakuitikia. Aliyatazama magoti yangu kama yamemwibia ng'ombe.

"Mkwe, hapa nimekuta ugonjwa au nimekuta dharau?"

Mwanangu akaninong'oneza, jasho linamtoka kwenye baridi yetu inayogandisha hata kikohozi. "Mama, shuka kidogo tu."

"Si ulisema nikikosea unakuja na gari?"

"Lakini huyu ni baba mkwe wangu!"

"Na hili ni koo langu."

Msidhani ilikuwa rahisi. Magoti yalishaanza kujikunja yenyewe, yamezoea tangu usichana. Nikaushika mwimo wa mlango mpaka mbao ikalia.

"Mkwe, nisamehe. Nimemeza dawa ya mifupa, nikiinama inapanda kuniunguza. Kaa kwenye kigoda. Salamu yako iko jikoni, haijaiva."

Akakaa. Chupa ya chai ilikuwa chini, kwa hiyo mwanangu ndiye aliyemimina, akamwaga nusu kwenye viatu vya mkwe wake. Nusu saa ile ilikuwa ndefu, ungeweza kupanda viazi ukavivuna. Mwanangu anatazama simu, mzee anatazama mlima, mimi natazama mbele kama askari.

"Imetimia, mama."

Nikashuka polepole, magoti yote mawili, kichwa chini. "Kamwene, mkwe."

"Kamwene!" akaitikia, akacheka mpaka kifungo cha koti kikakatika. Kisha akamgeukia mwanangu. "Huyu ndiye unayetaka kumhamisha? Mtu kakataa kuniinamia mimi, atakubali kochi lako?"

Mwanangu alirudi Makambako na gunia la viazi kwenye kiti cha gari ambacho mimi ningekalia. Dawa naendelea nayo, na jembe naendelea nalo.

Na mkwe siku hizi akija Jumamosi haingii uani moja kwa moja. Anasimama kule kwenye miti, anapaza sauti kijiji kizima kisikie: "Mkwe, salamu imeshaiva?"