Neno Nililoongeza Kwenye Kibao

Kosa langu la kwanza katika kazi ile lilikuwa neno moja, na nililiongeza kwa sababu ya nafasi tupu.

Niliambiwa niandike STOP. Taa za njia panda ya katikati ya Kitengela zilikuwa zimekufa kwa miezi, na mhandisi wa barabara alitaka kujaribu vibao vya kusimama kwa wiki mbili badala ya taa: kila gari lifike, lisimame kabisa, na lililotangulia kufika litangulie kupita. Jaribio likifaulu, vibao vinabaki. Likishindwa, njia panda inaachwa ilivyo, maana taa mpya hazikuwa kwenye mpango wa mtu yeyote. Alinitafuta mimi kwa sababu aliona herufi zangu kwenye duka la dawa za mifugo. Sikusomea kazi hii popote. Nilijifunza kwa kunakili maandishi ya pakiti za unga, na hadi leo nikimaliza bango hulala nikiwaza ni herufi gani imepinda.

Nilitaka jaribio lile lifaulu kuliko mhandisi mwenyewe. Mama yangu alikuwa akiuza omena, vile vidagaa vya ziwani, ng'ambo ya njia panda ile, na goti lake la kulia halikunjiki vizuri. Taa zilipokuwa zikiwaka, alivuka magari yakiwa yamesimama, polepole, kama mwenye barabara. Zilipokufa, akawa anasimama ukingoni hata nusu saa na beseni kichwani. Alikuwa ameniambia mara mbili kwamba hali ikiendelea hivyo ataacha kibanda, na mama si mtu wa kurudia maneno.

Nikafikiri: wachungaji wanaopitisha mbuzi pale na akina mama wa sokoni watasoma Kiswahili upesi kuliko Kiingereza. Nikaandika SIMAMA. Nilifuta S mara tatu kwa sababu tumbo lake la chini lilikuwa nene. Kisha nikarudi nyuma hatua kumi nikaona chini ya neno kuna nafasi tupu, nyekundu, iliyoniudhi. Nikaongeza HAPA. Kibao kikakaa sawa. Nilimtumia mhandisi picha, akajibu kwa kidole gumba.

Vibao vinne vilisimikwa Jumatatu asubuhi. Kabla ya saa nne, chini ya kila kimoja palikuwa na bodaboda zimejipanga kama kituoni, na abiria nao wanakuja.

"Hapa si steji," nikamwambia mwendeshaji mmoja aliyevaa koti la kung'aa.

"Soma juu, buda. Simama hapa. Tumesimama."

"Hiyo ni ya magari."

"Na hii ni nini, punda?" Akapiga tangi la pikipiki yake, wenzake wakacheka. "Serikali imetukumbuka mara moja tu, na wewe unataka kutufukuza?"

"Ni mimi nimeandika."

"Basi asante, msanii. Imetoka poa."

Jumanne nilipanda ngazi nikafunika HAPA kwa rangi kwenye vibao vyote vinne. Yule wa koti alinitazama hadi nikashuka.

"Sasa imebaki simama tu," akasema. "Popote."

Kufikia Jumatano kila steji ilikuwa na mwenyekiti. Miavuli ya pikipiki ilificha vibao, na madereva wa malori ya mchanga wakawa wanapita bila kujua kuna kitu cha kusoma. Walioona walisimama, wakapungiana mikono, pita wewe, hapana wewe, kisha wote wakaondoka kwa pamoja.

Alhamisi nilimsindikiza mama. Gari dogo lilisimama vizuri mbele ya kibao, kama tulivyoota. Mama akashuka barabarani. Pikipiki ikatoka steji, ikapita kati yake na lile gari, kioo kikagonga beseni. Hakuumia. Alikaa ukingoni na omena zimetapakaa kwenye lami.

"Twende nyumbani, baba," akaniambia. "Hawa watu wa bodaboda hawana macho. Na vile herufi zako zilikuwa safi."

Nikainama kuokota omena.

Ijumaa, hata kabla wiki mbili hazijaisha, mhandisi alikuja na watu wa kung'oa vibao. Alikuwa na karatasi yake mkononi. "Watu wa hapa hawatii alama," alisema. "Hivyo ndivyo nitaandika."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Walikuwa wametii. Walisoma nilichoandika wakakifanya, kila mmoja wao, wakiwa na shukrani. Ningemwambia tubandike STOP tuanze upya, na bado kulikuwa na wiki moja. Lakini kwa kusema hivyo ningekiri kwamba nilibadilisha kazi niliyopewa ili ipendeze, na sikuweza kuvumilia kuonekana na kosa. Nikawashikia ngazi watu wake.

Leo taa bado zimekufa na hakuna anayezungumzia vibao. Mimi sasa huandika kile nilichoombwa tu, na kabla rangi haijakauka huuliza watu watatu wanasoma nini. Mama hajui habari ya lile neno. Aliacha kibanda wiki ileile. Anauzia majirani omena mlangoni petu, wanunuzi ni wachache, na havuki tena barabara.