Kompyuta Iliyotandikiwa Kitambaa

Wiki iliyopita, katika ofisi moja ya usajili wilayani Ngara, nilimsikia mama mkulima kutoka Mbuba akieleza habari za babu yake mara nne. Aliomba kitambulisho cha taifa, na huku kwetu mpakani mwa Burundi anayekikosa huhesabiwa mgeni.

Kila fomu ilipokaribia kuisha, kompyuta ya ofisa ilizimika yenyewe, ikawaka upya, na majibu yote yakapotea.

"Ni mtandao," ofisa akasema baada ya mara ya tatu. "Tuanze tena, mama. Babu alizaliwa wapi?"

"Mbuba."

"Mara ya kwanza ulisema Kibimba."

"Kibimba ndiko alikooa, baba. Nilikwambia yote mawili."

Ofisa akaegemea kiti, akamkazia macho. "Au babu alitoka ng'ambo? Wewe si Mrundi kweli?"

 Mama alinyoosha mkono, akagusa ubavu wa kompyuta, akaurudisha haraka.

"Inaungua hii. Itoe kwenye hicho kitambaa ipate hewa."

Ilikuwa imezama kwenye kitambaa kinene cha kufuma, kama redio ya sebuleni. Ofisa alikivuta kando. Fomu ikafika mwisho, na mashine haikuzimika tena.

Kwa kitambaa simlaumu ofisa, hata kwangu redio inacho. Kilichonikera ni kwamba mashine ilisahau kila kitu mara tatu ikahurumiwa, na mama aliyekumbuka kila kitu ndiye aliyeulizwa uraia.