Miti ya Makaburini Alunguli

Wakati wa vita, mji ulipozingirwa, hakuna aliyethubutu kutoka Alunguli, mtaa wetu hapa Kindu, kwenda msituni kutafuta kuni. Mama alichoma viti, kisha kitanda, mwisho mlango wa jikoni. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na makaburi ya Waislamu yenye miti mikubwa, na chini yake chemchemi ya mtaa mzima. Jirani yetu mmoja alikwenda huko na panga. Mama alimfuata, akamwambia kwa sauti ya chini:

“Dada, hii miti inamusifu Mungu sawa na sisi. Na tukiikata, maji itabakia wapi?”

Jirani akarudi. Jioni ile walichemsha mihogo pamoja kwenye moto wa mlango wetu. Njaa ilikuwepo, risasi zilikuwepo, na hakuna mti uliokatwa.

Ndiyo maana siwezi kuvumilia yaliyotokea wakati wa amani.

Mdogo wangu, aliyelala chini pamoja nami baada ya kitanda kuchomwa, sasa ni mjumbe wa kamati ya makaburi. Kiangazi kilichopita kamati ilileta msumeno wa moto, ikakata miti mingi ya pale na kupasua mbao za kujengea ukumbi wa mikutano. Mvua ziliporudi, chemchemi ikatoa tope. Nilipomkabili, alisema vita viliisha zamani, watu wanataka maendeleo. Nikamuuliza ni njaa gani iliyomsukuma. Akatazama simu yake.

Kisha kamati ikatualika kwenye semina ya mazingira, ndani ya ukumbi uleule. Mgeni aliyeendesha semina akaeleza kwamba dini zinapaswa kuwafundisha watu wa Kindu kupenda miti. Kutufundisha sisi! Nilisimama nikasimulia habari za mama, nikawaambia mbao zilizo juu ya vichwa vyao zimetoka wapi. Wakapiga makofi. Mgeni akaomba tupige picha. Nilitoka nje.

Asubuhi iliyofuata, mimi na akina mama wa mtaa tuliketi penye miti iliyobaki. Mwenye msumeno alipofika kuendelea kukata, hatukumtukana, tulimwambia tu kwamba hatuondoki. Akaondoka yeye.

Mchana mdogo wangu akaja. “Yaya, mkubwa wangu, unanipatisha haya mbele ya watu.”

“Hiyo haya njo yako mwenyewe,” nilimjibu. “Ibebe.”

Hakuomba msamaha. Miti ile michache ingali imesimama, lakini kamati haijasema imeacha, nasi tunapokezana kuilinda.