Mtani Wangu Alinirudishia Kofia

Admin, naomba jina langu lisitokee, maana wanaonijua wananijua kwa vichekesho, na hiki si kichekesho. Nina miaka sabini na miwili, Mnyamwezi, fundi mwashi mstaafu, naishi Kibaha. Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie. Kuna jambo nimelificha tangu enzi za vijiji vya ujamaa, na Ijumaa ijayo itabidi nilitamke au nikubali kuzikwa nalo.

Nilikuja Pwani nikiwa kijana, nikawa najenga shule na zahanati kwenye kijiji kimoja cha Gwata. Huko nikampata Kondo (si jina lake), Mzaramo, mkulima wa mihogo na korosho. Vijana wa siku hizi mnadhani utani ni kutumiana vikatuni. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu. Unamtukana mwenzako mbele ya wakwe zake, unampokonya kitu na hakudai, na akifa wewe ndiye unayemchimbia kaburi huku unamsema marehemu mpaka wafiwa wacheke. Kukasirika ni mwiko.

Vita vya Kagera vilipoanza, Kondo alikuwa mgambo, akachukuliwa. Siku ya kuondoka, akiwa tayari juu ya lori, aliinama akanipokonya kofia yangu. "Hii ngawira ya kwanza!" akasema, na kijiji kizima kikaangua kicheko. Mkewe, shemeji yangu, alicheka huku analia, mtoto mgongoni.

Alirudi mzima, na kofia yangu kichwani. Tulimpokea kwa ngoma, kila mtu akataka asimulie walivyomtimua nduli. Wiki ya kwanza alisimulia. Baadaye akawa anajibu, "Muulizeni mwingine." Msimu wa kuchoma mashamba, mianzi ilipopasuka motoni, alijitupa chini kwenye matuta ya mihogo akafunika kichwa. Watu walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, nikambatiza jina Kamanda wa Matuta, na likamganda. Akachimba handaki nyuma ya nyumba akawa analala humo, mkewe akabaki ndani na mtoto. Wengine wakasema ana mzimu wa mtu aliyemuua huko vitani, wakampeleka kwa mganga Kisarawe. Wakati ule mtu akirudi na mikono yake miwili na miguu yake miwili, tulihesabu kwamba amepona.

Alasiri moja nilikuwa juu ya jukwaa napanga matofali ya zahanati. Kondo akaja akasimama chini.

"We Mnyamwezi."

"Sema, mtumwa wangu."

"Nikifa uje unizike weye. Wengine wataniogopa."

"Kufa hata leo! Jembe ninalo, nimechoka kukungoja."

Vibarua wakacheka. Kondo naye akacheka, au alionyesha meno tu, sijui. Kisha akavua kofia yangu, akaikung'uta vumbi, akaiweka juu ya rundo la matofali.

"Kofia yako hiyo."

Jamani, mtani harudishi kitu! Hata mtoto wa Kizaramo anajua hilo. Ningejiuliza mara moja tu, ningeshuka. Badala yake nikamwambia, "Leo umeingiwa na dini gani?" Akaenda zake, nami nikaendelea na matofali yangu.

Asubuhi yake tukaambiwa Kondo amejiua. Wazee wakakubaliana isemwe kwamba aliugua ghafla, asije akakosa kuswaliwa. Nilichimba kaburi kwa jembe lile lile nililomwahidi. Wafiwa wakanitazama, wakisubiri mtani aanze maneno yake, na mdomo haukufunguka. Tangu siku hiyo sijamtania maiti yeyote. Miaka yote niliyojenga, mtu akisimama chini akaniita, nilishuka mbio, hata akiwa muuza karanga.

Eda ilipokwisha, shemeji alinieleza kwamba asubuhi ya siku ya mwisho ya Kondo waligombana, akamwambia mumewe, "Bora ungebaki huko huko vitani." Nami langu nililimeza, na vibarua walioyasikia walikuwa wageni, wameshatawanyika. Akarudi kwao Chole, akamlea binti yake, hakuolewa tena.

Mwezi uliopita binti alinipigia. "Shikamoo baba. Mama hali yake si nzuri, anakutaja wewe." Nikaenda, na kofia ile nimeifunga kwenye kipande cha kanga. Shemeji amebaki mifupa, ila akili yake nzima. Akanishika mkono.

"Mtani, siku ile alipita kwako. Hakusema neno?"

"Alinisalimia tu, shemeji, akapita."

Akageukia ukutani. "Basi ni mdomo wangu. Nimemuua mimi."

Kofia ilikuwa magotini mwangu. Sikuifungua. Nilirudi Kibaha nikijichukia.

Sasa binti anataka nirudi Ijumaa, anasema mama huenda asifike mwisho wa mwezi. Nikisema ukweli, labda atakufa ameutua mzigo alioubeba zaidi ya miaka arobaini. Lakini yeye ndiye aliyeniita ndugu tangu nikiwa mgeni huku Pwani. Atajua kwamba mumewe alikuja kuniaga, na mimi nikamwambia afe. Na binti atakuwa amekaa pale pale, yeye anayeniita baba. Nayaogopa macho yao kuliko ninavyokiogopa kifo changu.

Ndugu zangu mnaosoma, nifungue ile kanga nikaseme yote, au nikae kimya azikwe akiamini ni yeye? Najua humu mnapenda kuchekeshana kwenye komenti. Safari hii naomba, asinitanie mtu.