Kuhamia Linux pale Kongo

Kibanda chetu kiko Kongo, mtaani Kawangware, Nairobi, na pazia limekigawanya mara mbili. Upande mmoja anti yangu anasuka watu nywele. Upande wa pili ni mimi, printa, na kompyuta mbili kuukuu zilizotupwa na ofisi fulani ya mjini. Mchana natoa kopi na kuchapa CV. Jioni nafundisha kompyuta yeyote anayetaka kujua, na hapo ndipo roho yangu ilipo. Mimi hujiona nina darasa kabisa, lenye madirisha na viti vinavyofanana. Anti husema hata kiti kimoja kisichotingika kingetosha kuanzia.

Shida yetu ilikuwa flashi. Huku kwetu sinema unawekewa kwa flashi dukani, kisha flashi hiyo hiyo inaenda kwa jirani, inaenda kanisani na nyimbo za kwaya, mwisho inakuja kwangu imebeba ugonjwa wa mtaa mzima. Ukiichomeka, mafolda yote yamegeuka vishale vidogo, ukibofya hakuna kitu. Ugonjwa unarukia kompyuta zangu, nafuta kila kitu, naanza upya.

Rafiki yangu wa kijiji cha Raila kule Kibera, fundi wa simu, aliniletea flashi yenye Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta.

"Toka Windows, uhamie huku. Ni ya bure, na hizo virusi zitakupita tu."

"Na wanafunzi wangu?"

"Onja kwanza. Iwashe kutoka kwa flashi, ndani haugusi kitu."

Niliiweka kwa droo. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, dada anayefulia watu nguo, ambaye alitaka kazi ya ofisi kuliko vile mimi nataka madirisha. Nilipomgusia habari hiyo alishtuka. "Ticha, wakiniuliza kwa intavyu kama najua Word, nitawaambia najua nini?" Swali hilo lilinikaa. Kumfundisha mtu kitu ambacho ofisi hazikitaki ni kumwibia jioni zake.

Anti naye alikuwa na lake. "Mtu hahami nyumba kwa sababu ya panya kabla hajaangalia kule anakoenda kama kuna maji."

Basi tukakaa na panya wetu, hadi asubihi ile alipoingia mama mmoja anayeuza makaa Silanga, Kibera. Mama yake mzazi alikuwa amefariki, na gari la kwenda ushago, kijijini kwao, lilikuwa linatoka siku hiyo hiyo alasiri. Alitaka programu ya mazishi, kile kijitabu cha ratiba na picha ya marehemu. Kwetu watu wa magharibi mwa Kenya programu si karatasi ya kutupa. Picha ya mbele hukatwa ikabandikwa ukutani, na wajukuu humjua nyanya yao kwa picha hiyo.

Nikachomeka flashi yake. Kishale. Nikabofya. Tupu.

"Picha ziko kwa simu?"

"Simu iliibwa. Ziko hapo tu." Akatoa kitambulisho cha marehemu. "Basi weka ile ya kitambulisho. Ingawa hapo amekaa kama mtu anagombezwa."

Alicheka, halafu kicheko kikamgeukia kikawa machozi. Nilifungua droo. Sikuwa na hakika ya chochote, lakini nilichomeka flashi ya rafiki yangu, nikazima kompyuta na kuiwasha tena. Anti akachungulia pazia na kitana mkononi.

"Umeiua?"

"Inaamka kwa njia nyingine, anti."

Ikaamka. Nikafungua flashi ya yule mama, na kando ya kishale palikuwa na folda isiyo na jina. Ndani picha zote zilikuwepo. Kumbe kirusi hakikuzila, kilizificha tu, na Linux haikujali kufichwa huko. Katika mojawapo mama mzee alikuwa amekumbatia kuku, amecheka hadi macho yamefungika.

Yule mama akagusa kioo kwa kidole chenye makaa. "Huyo kuku tulimla jioni hiyo," akasema.

Nilijaribu kupanga programu huko huko kwenye Linux, kwa kiolezo changu cha Word, lakini maandishi yalisogea, majina ya wajukuu yakaruka ukurasa. Nikahifadhi picha, nikarudi Windows nikamalizia, nikachapa. Aliondoka ameishika bahasha kifuani, na gari lilikuwa halijatoka.

Jioni dada wa kufua alipokuja nilimweleza yote, mazuri na yale majina yaliyoruka. Nikamwambia nataka kompyuta moja ihamie Linux ipokee flashi za wateja, na nyingine ibaki Windows, isichomekwe flashi ya mtu. Yeye achague atakaa wapi, na akitaka Word ataipata bila kubembeleza.

Akavuta kiti. "Wacha nijaribu hiyo ngeni kwanza."

Nikafungua mahali pa kuandika barua. Akaweka vidole, akaandika jina lake, anwani, na sentensi nzima ya kuomba kazi bila kuniita.

"Hii ni kuandika tu, ticha. Kwani vidole vimebadilika?" Akahamia ile nyingine, akaandika sentensi hiyo hiyo. "Nifunze zote mbili. Wakiuliza Word nitajibu, wakiuliza ingine wao ndio watashangaa."

Nikabofya kuiweka Linux ndani ya kompyuta ile moja, ikae kabisa. Mstari ukaanza kujaa polepole.

"Ikiharibika," anti akasema nyuma ya pazia, "hapo naweka draya yangu ya nywele."

"Pima nafasi kabisa, anti," dada akamjibu, "lakini ungoje nimalize barua."