Maji ya Msiba wa Mama Zuhura

Mwaka huu nilirudi Kitangari nikakuta vijana wanachimbia nguzo za majina ya mitaa. Mwenyekiti wa kijiji, kijana wa umri wa mwanangu, alitaka njia zipewe majina ya watu na vyama vilivyolijenga eneo letu. Kwa njia inayopita nyumbani kwa bibi yangu, nikapendekeza chama alichokiongoza: Chama cha Maji ya Msiba. Jirani yetu, mama mzee ambaye sasa anatembea kwa fimbo, alikuwa ameketi barazani kwake akisikiliza.

"Mkilisimika jina hilo hapa," alisema, "nitaling'oa kwa meno. Yaliyobaki."

Vijana wakacheka. Mwenyekiti akamuuliza kwa adabu, "Bibi, chama kilikukosea nini?" Jirani alinitazama mimi, nami nikaliacha pendekezo langu hapo hapo.

Nikueleze, ndugu yangu, maana huenda wewe umekulia penye bomba. Huku juu kwetu maji yalikuwa bondeni. Tulishuka alfajiri kwenye mteremko wa mawe, tukachota kidogo kidogo kutoka shimo la mchanga, kisha tukapanda na ndoo kichwani, shingo zimekaza. Msimu wa korosho njia nzima ilinuka mabibo yaliyooza, na moshi wa maganda uliwasha macho. Tukifika, bibi alitupa ming'oko, mizizi ya porini, ya kuchemsha na pilipili. Maji yaliyomwogesha mtoto yalifua nguo, na yaliyofua nguo yalimwagwa kwenye mpapai.

Sasa fikiria msiba katika hali hiyo. Maiti aoshwe, waliokuja kuzika wale na wanywe, na wafiwa hawawezi kuteremka bondeni. Ndiyo maana wanawake waliunda chama. Akifa mtu, kila mwanachama huleta ndoo moja, bila kuitwa. Asiyeleta hutolewa, na anayempelekea maji aliyetolewa hutolewa naye. Bibi ndiye aliyeisimamia sheria hiyo, na kwa miaka mingi hakuna maiti wa kwetu aliyekosa maji. Kwa hilo nilimwona mkubwa kuliko diwani.

Jirani alikuwa na mtoto mmoja, Zuhura, mdogo kwangu. Mwishoni mwa kiangazi kimoja, mvua zikiwa zimechelewa, mzee wa upande wa pili wa kijiji alifariki. Jirani hakupeleka ndoo. Zuhura alikuwa na homa kali, na maji aliyokuwa nayo alikuwa akimkandia. Wanawake walimjadili uani kwetu.

"Mama Zuhura, nani hana mgonjwa?" bibi alimwambia. "Teremka tena, ulete hata kesho, yaishe."

"Nimwache na nani, mama? Baba yake yuko Masasi kwenye maghala."

"Mlete kwangu."

"Siwezi kumwacha."

Akatolewa. Siku chache baadaye, asubuhi, tulisikia kilio chake kupitia ua wa mabua.

Watu walikuja mikono mitupu. Wanaume walikaa chini ya banda, wanawake ndani, na mtoto alilala amefunikwa kanga. Mmoja akamwambia mwalimu wa madrasa amfanyie tayamamu kwa vumbi safi, kwa kuwa maji hayapo. Mwalimu alitazama nyumba zilizokuwa jirani, mapipa yamefunikwa nyungo.

"Tayamamu ni pale maji yanapokosekana," alisema. "Hapa maji yapo. Yamezuiwa."

Bibi aliyasikia ng'ambo ya ua. Alikuwa ameketi karibu na pipa letu, mikono mapajani. Mama yangu akamwomba kwa sauti ya chini. Bibi akasema, "Nikimpa leo, kesho nani atateremka? Na maiti wa keshokutwa ataoshwa na nini?" Hakuwa na chuki usoni. Naamini alikuwa akiwahesabu wafu ambao bado hawajafa.

Mama Zuhura akatoka ndani, akachukua debe, akateremka peke yake. Msiba mzima ulimsubiri mfiwa akachote maji ya kumwosha mwanawe. Alirudi alasiri, nusu imemwagika na kumlowesha mgongo. Alipopita mlangoni kwetu bibi alisimama, akanyoosha mikono kumtua.

"Usiguse," alisema. Akapita.

Yalitosha, kwa kuwa mtoto alikuwa mdogo.

Msiba uliofuata, wanawake wachache walileta ndoo, na wengi walibaki nazo kwao. Kila nyumba ilianza kuweka pipa lake la kifo. Bibi alizunguka akihimiza. Waliitikia kwa heshima na hawakuja. Hakuna aliyetangaza kwamba chama kimekufa. Leo njia ya bondeni imeota vichaka, na watoto wa kijiji hawajui kuwa bibi zao waliwahi kubebeana maji. Jirani bado anaitwa Mama Zuhura, na wengi hawajawahi kuuliza Zuhura ni nani.

Bibi alipofariki bomba lilikuwa limeshafika, ila wiki ile halikutoa. Tulinunua maji, yakaletwa na bodaboda, madumu yamefungwa kwa mpira nyuma ya kiti. Hakuna mwanamke aliyeingia uani na ndoo kichwani. Jirani alikuja, akakaa mkekani kando yangu mpaka waoshaji walipotoka.

"Maji yamemtosha?" aliniuliza.

"Yamemtosha, mama."

"Ana bahati," alisema, akajifunika uso kwa kanga.